Fundi na Sindano ya Kumi na Moja

Sogeeni, enyi wenye viuno vinavyouma na magoti yanayolia kama bawaba kavu! Sogeeni nanyi mlio wazima, maana uzima wenu ni wa kuazima. Anayetaka kukohoa akohoe sasa amalize, na mwenye simu aizime. Nainua kalamu kuandika tarehe, yaani historia, ya vita ambavyo wanazuoni wamevipuuza, kwa kuwa vilipiganwa juu ya kitanda chembamba nyuma ya pazia la kijani, na mpiganaji wake alikuwa amevaa suruali peke yake. Wala msiniulize nimeyajuaje. Nilikuwa pale kwenye benchi, nikisubiri zamu ya goti langu, na pazia lile lilikuwa na upenyo wa kunitosha.

Shujaa wetu ni Fundi. Fundi yupi? Yule yule wa kona, Bwana wa Cherehani, Mshinda Mapindo, aliyetoboa kitambaa miaka thelathini na moja bila kukiomba radhi. Mkono wake wa kulia ulishona suti za mabwana harusi waliokuja kuachwa, na sare za wanafunzi waliokuja kuwa mahakimu. Lakini miezi mitatu iliyopita bega la mkono huo likaasi. Likaganda. Mkono ukawa unainuka hadi usawa wa kitovu, ukifika hapo unagoma. Hakuweza kukata kitambaa wala kuchana nywele, na kila asubuhi mkewe alimvalisha shati kama mtoto wa chekechea. Hospitali walimpiga picha, wakampa dawa na mazoezi, wakamwambia na tiba ya sindano, zile nyembamba zinazochomekwa mwilini na kuachwa kwa muda, huenda ikamfaa. Bega lisipoachia, cherehani itafunikwa shuka na Fundi atabaki kukaa mlangoni akihesabu wapita njia. Hilo lilimnyima usingizi, na mimi simcheki kwa hilo.

Ila aibu nayo lazima iandikwe, kwani mwandishi wa tarehe si mpambe wa harusi. Safari ya kwanza, Fundi alikimbia! Alidhani mambo haya ni kama kupima damu, akaja na njaa ya tangu jana, tumbo linanguruma. Sindano ya kwanza ilipotua mkononi, kichwa kikamzunguka, roho ikaruka, miguu ikaifuata roho. Alikatiza mbele ya wagonjwa kifua wazi, akavuka barabara, na mpokezi akaenda kumkuta kwa mshona viatu, amekumbatia nguzo, sindano ingali mkononi inatikisika. Mkewe hakumsitiri. Mama yule hana kifua kabisa. Siri ikiingia kwake haipati hata muda wa kuketi. Kufika adhuhuri mtaa wote ulikuwa na habari, na wateja wakaanza kumwamkia, "Shikamoo, Mkimbiaji."

Basi Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, Mkimbiaji alirejea uwanjani. Mkewe alitembea hatua mbili nyuma yake, akiiziba njia ya kurudi.

Tabibu wa sindano ni mwanamke mfupi, mpole, asiyepandisha sauti. Alimtazama Fundi toka juu hadi chini.

"Leo umekula?"

"Amekula, daktari," mke akadakia. "Mayai mawili, mkate na chai. Nimemsimamia mpaka akameza."

"Vizuri. Na nguo haibani, vizuri pia. Kuna dawa unatumia zaidi ya zile za bega? Ya presha, ya sukari, ya kufanya damu iwe nyepesi? Una kifaa chochote cha moyo kifuani?"

"Kifuani nina woga tu, daktari."

"Huo tutaufanyia kazi. Dawa za hospitali usiache kwa ajili yangu. Mimi nasaidiana nao, sishindani nao. Lakini tuelewane, mzee wangu. Ukikimbia tena, sikupokei. Juzi ungeanguka barabarani na sindano mwilini, mimi ningesema nini?"

Hapo Fundi akajitutumua, akaweka mkono mzima kifuani, akanena.

"Ewe Tabibu, nawe mke wangu uliyesimama mlangoni kama komeo! Mimi ni mwana wa fundi na mjukuu wa fundi. Sindano nimezipitisha kwenye jinzi, kwenye turubai, hata kwenye kidole changu hiki, nikanyonya damu nikaendelea na kazi. Leo sitoki! Hata mkiniambia nyumba inaungua, nitauliza kwanza moto umefika chumba gani!"

"Lala," akasema Tabibu.

Akalala. Tabibu akanawa mikono, akachukua pakiti, akaifungua mbele ya macho yake. Fundi akainua kichwa kwa jicho la kazi. "Hii haijatumika kwa mtu?"

"Mpya kabisa. Kila mgonjwa na zake, zikitoka zinatupwa. Ukienda popote ukaona sindano haitoki kwenye pakiti iliyofungwa, hapo sasa kimbia, na mimi nitakusifu."

"Sindano nyoofu namna hii, inatupwa?" Fundi akaguna kwa uchungu wa kweli, maana dukani kwake sindano hufanya kazi hadi ivunjike, na ikivunjika siku hiyo hakuna anayethubutu kucheka.

Vita vikaanza. Ya kwanza ikatua begani, ya pili ikaifuata, ya tatu ikapiga kambi karibu na kiwiko. Fundi akafumba macho na kukunja vidole vya miguu.

"Utasikia uzito, au kama ganzi inatembea," Tabibu akamweleza. "Hiyo ni kawaida. Ukisikia maumivu makali sema, usinivumilie kiume."

"Nasikia uzito."

"Ndiyo yenyewe. Haya, nakupandisha suruali kidogo, sasa mguu wa kushoto."

"Daktari! Mshtakiwa ni bega. Mguu umeitwa shahidi?"

"Umeitwa. Tulia."

Sasa jueni, enyi msiowahi kushona, kwamba fundi akimjaribisha mteja nguo huichoma pini kila mahali, na kila pini inayoingia huihesabu. Haihesabu kwa kutaka. Mdomo wenyewe unahesabu. Kwa maana pini moja ikisahaulika kiunoni mwa bibi harusi, akaketi, fundi huyo amepoteza wateja wa koo mbili kwa mpigo. Ndivyo ilivyokuwa: Fundi analia ndani kwa ndani, anamwomba Mola, anajuta kuzaliwa, na midomo yake inanong'ona, "Tisa. Kumi. Kumi na moja."

Yakafuata mazingiwa ya dakika ishirini: Tabibu akatoka, Fundi akalala tuli na sindano zake mwilini, na ndani ya mazingiwa hayo pua ikamwasha. Alaa! Nimeona watu wakishikwa na mengi, sijaona mtu akiteswa na pua yake namna ile.

"Mke wangu, nikune."

"Wapi?"

"Puani. Kulia. Shuka kidogo. Hapo hapo, Mungu akupe umri mrefu."

Mama akamkuna, kisha akaona feni inampiga miguuni, akavuta taulo akamfunika miguu asipate baridi. Nasema hivi ili ijulikane kwamba mwanamke huyu anampenda mumewe, pamoja na kumtangaza. Kelele zake zote zile zilikuwa ni hofu. Alikuwa anamwona mumewe anazeeka kabla ya saa yake, na hakujua aseme na nani.

Muda ulipotimia, Tabibu akarudi, akazing'oa sindano moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye kisahani. "Tayari. Inuka taratibu, usije ukapata kizunguzungu."

Fundi hakuinuka.

"Bado moja," akasema.

"Zimetoka zote, mzee."

"Zimetoka kumi. Ziliingia kumi na moja."

"Jamani, mume gani huyu!" mke akapaza sauti, na benchi zima tukageuza shingo. "Juzi umekimbia zikiingia, leo unagoma zikitoka? Inuka, baba watoto, unanitia aibu, wenzio wanasubiri!"

Na kweli tulikuwa tunasubiri. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilisonya. Fundi alikuwa peke yake ulimwenguni, chali, bila shati, ushahidi wake ukiwa ni midomo yake tu. Angenyamaza, angeshusha mguu na yangekwisha. Akisema, mtaa utapata wimbo mpya. Akavuta pumzi.

"Mke wangu, niite mwoga, nimeshazoea. Niite Mkimbiaji, ni kweli nilikimbia, na nguzo ile ni shahidi. Lakini kwenye kuhesabu pini usinifundishe! Hapo ndipo nilipokulia. Siweki mguu chini mpaka ya kumi na moja ionekane, hata kama tutafungiwa humu mpaka keshokutwa!"

Tabibu, na sifa hii nampa, hakubisha wala hakununa. Alihesabu zilizo kwenye kisahani kwa sauti. Kumi. Akatazama kadi yake. Akatazama mguu. Akafunua taulo.

Ilikuwepo! Imesimama wima kwenye muundi wa kushoto, chini ya ukingo wa taulo, imetulia kama mgeni asiye na haraka. Mama akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Samahani sana, Fundi," Tabibu akasema, akiichomoa. "Kosa ni langu, si lako. Ungesimama nayo ingepinda, ingekuumiza. Umefanya vema kusema. Mgonjwa ana haki ya kuhesabu, na ana haki ya kusikilizwa." Akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa: *Tuhesabu pamoja naye.*

Kisha akamwambia ainue mkono. Mkono ukapanda, ukapita kitovu, ukakoma. Vidole vinne tu juu ya kitovu, si zaidi.

"Usishangilie mno," Tabibu akaonya. "Bega haliponi kwa siku moja, na sikuahidi litapona lote. Njoo mara tano nyingine, na mazoezi usiache."

Lakini mke alikuwa haambiliki tena. Alimfunga mumewe vifungo akiwa kimya, jambo lisilo na kumbukumbu katika tarehe ya mtaa wetu, kisha akalisukuma pazia kando akatusimamia mbele.

"Mmesikia, nyinyi mliokuwa mnasonya? Huyu ndiye mume wangu! Sindano ishirini na mbili, hakutikisika!"

Kufika mlangoni zilikuwa thelathini. Kwa mshona viatu zilikuwa arobaini, tena ndefu, na moja ilipotelea ndani ya nyama akaigundua mwenyewe huku daktari mzima ameshindwa. Mshona viatu akaacha nyundo, akasimama, akamwamkia, "Shikamoo, Fundi," bila kuongeza neno. Na Fundi, ambaye kwa miaka thelathini na moja hajakosea hesabu hata ya pini moja, alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mkewe mkono, wala hakusahihisha.