Waya Sharti Uonekane Unawaka

Nyaya za umeme za ile mashine ya gemu zilikuwa zinawaka moto. Si zote, wala si kila siku, lakini zilikuwa zinawaka. Unachomeka, unacheza, waya unachemka, plastiki inalainika, halafu ama unanusa harufu ukawahi, ama hukuwahi.

Kampuni iliyozitengeneza ilikiri kosa bila kubanwa. Ikaleta nyaya mpya za bure, maboksi kwa maboksi, ikasema mwananchi alete wa zamani, apewe mpya, aende zake. Mpango huo, kama unavyouona, ulikuwa na upungufu mkubwa. Haukuwa na ofisi ndani yake.

Ndipo Mamlaka yetu ya Usalama wa Vitu vya Nyumbani ilipoingilia kati. Mkurugenzi alisimama mbele ya vipaza sauti akatangaza kuanza rasmi kwa Zoezi Shirikishi la Urejeshaji Salama, Endelevu na Wenye Tija wa Nyaya Zenye Kasoro. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mimi niliteuliwa kuwa Msimamizi wa Dirisha la Nyaya. Kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa geti, lakini Mkurugenzi alinieleza kwamba kazi ni ileile, tofauti ni kwamba sasa nitawazuia watu nikiwa nimekaa.

Kanuni aliitunga yeye mwenyewe. Ni fupi. Anayebadilishiwa waya ni yule mwenye waya hatari, na waya hatari ni ule ulioonekana na afisa ukiwa unawaka, mbele ya mashahidi wawili. Wako waliocheka. Hao hawajawahi kutunza mali ya umma. Ukimpa waya kila anayedai wake ni hatari, kesho atakuja mwingine kudai paa lake linavuja, na utamwambia nini?

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Mama Gemu. Ana chumba nyuma ya duka la kinyozi. Ndani kuna mashine nne, runinga nne na mabenchi, vijana wanalipa wanacheza. Chumba hicho ndicho kinachomlisha yeye, wanawe na mama yake mzazi aliye kitandani. Waya mmoja ulipowaka ukatoboa benchi, kijana akiwa amelikalia, Mama Gemu alifunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye nyumba naye akamwambia kuwa kama hafungui hadi mwisho wa mwezi, chumba anapewa muuza simu.

Alibwaga waya mweusi kwenye kaunta.

"Kaka, habari za kazi. Huo hapo. Umeungua mpaka shaba inachungulia."

Niliutazama kwa makini. "Dada, huu hauwaki."

"Uliwaka juzi."

"Uliwaka. Maana yake sasa hivi hauwezi kumdhuru mtu. Huu ni marehemu."

"Sawa. Ninazo tatu nyingine, bado nzima."

"Zimewahi kuwaka?"

"Bado."

"Basi nazo si hatari. Sisi tunataka ulio katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya kutowaka na kuungua."

Mama Gemu alishika kiuno. "Kwa hiyo unataka nibebe moto mkononi, nipande nao ngazi, nipange nao foleni?"

"Foleni ya wenye moto ni fupi," nilimwambia. "Leo hayupo hata mmoja."

Alinitukana, ila kwa adabu. Kisha akasema kama mashahidi ndio shida, ataleta mashine na waya mmoja mzima, auchomeke hapahapa, tukae sote tuusubiri. Ombi hilo lilikuwa ndani ya kanuni. Tatizo ni kwamba dirishani kwangu hapakuwa na soketi. Ziling'olewa zote kwa sababu za kiusalama. Soketi yenye umeme wa uhakika ilikuwa moja tu jengo zima, nayo ilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi.

Kesho yake alikuja na mashine begani. Nikamwambia asubiri ukumbini, Mkurugenzi yuko kwenye kikao cha kupanga vikao. Ofisi yetu haina viti vya wananchi, hivyo watu tulikuwa tunawakalisha kwenye maboksi. Mama Gemu aliinama akasoma maandishi ya ubavuni.

"Kaka. Haya ninayokalia si ndiyo nyaya mpya?"

"Ndiyo hayo. Kaa katikati, usije ukaziponda."

Alipoitwa, aliunganisha mashine kwenye runinga kubwa ya Mkurugenzi, ile ya kufuatilia maendeleo. Akachomeka. Mimi na katibu muhtasi tukasimama pembeni kama mashahidi, macho kwenye waya. Waya ukatulia tuli.

"Hauwezi kuwaka hivihivi," Mama Gemu akasema. "Mpaka mashine ifanye kazi. Mtu acheze."

"Nani acheze?" aliuliza Mkurugenzi.

"Wewe si ndiye mkubwa hapa?"

Mkurugenzi alishika padi ya kuchezea kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa chura, na Mama Gemu akashika ya pili. Ilikuwa gemu ya mpira. Kufikia mapumziko alikuwa amevua koti. Kufikia mwisho alikuwa amefungwa saba bila, na ameninyamazisha mara mbili kwa kupumua karibu naye.

"Uchunguzi haujatoa majibu," alisema. "Urudiwe."

Ukarudiwa. Akafungwa sita. Uchunguzi bado haukutoa majibu. Jioni mashine ilibaki ofisini kwa uchunguzi wa kina, na Mama Gemu akaamriwa arudi asubuhi kama mtaalamu mshiriki, asiye na posho.

Akawa anakuja kila siku. Anamkuta Mkurugenzi ameshawasha, simu zimezimwa, mafaili yamewekwa sakafuni ili miguu ipate pa kukaa. Ukumbini watu walizidi kujaa na nyaya zao mifukoni, nami nikawa nawaeleza kwamba Mkurugenzi yuko ndani anapambana na tatizo lao. Hilo lilikuwa kweli tupu. Siku moja alipambana nalo hadi akapasua kioo cha meza.

Waya nao ulianza kuchemka. Mama Gemu aliugusa akaurusha mkono.

"Mheshimiwa, shika hapa. Unaunguza."

Mkurugenzi aliugusa kwa kidole. "Una joto kidogo. Waya unaofanya kazi lazima utoe jasho, sawa na mtumishi."

"Mimi nina mgonjwa ndani na mwezi unakatika. Nipe nyaya zangu nne nikafungue chumba."

"Uchunguzi ukitoa majibu, mama."

"Hayo majibu yatatoka lini?"

Macho ya Mkurugenzi yalikwenda kwenye runinga, pale penye matokeo. Tano bila. Mama Gemu naye akatazama palepale, na nikaona uso wake ukielewa kitu ambacho sisi watumishi tulishakielewa siku ya kwanza ya ajira.

Mchezo uliofuata mabeki wa Mama Gemu walikuwa kama wamekula wakashiba. Mkurugenzi alipofunga bao aliruka, akamkumbatia katibu muhtasi, akanipa mkono. Moja bila. Firimbi ikalia.

"Majibu yametoka!" alisema, jasho likimtiririka. "Waya ni salama."

"Salama vipi?" Mama Gemu alishtuka. "Mimi nimekuachia ili unipe mpya!"

"Nimeucheza mwezi karibu mzima na sijafa. Ushahidi gani mwingine unataka? Zoezi limefungwa. Nyaya zote za zamani ni salama, watu warudi nazo makwao. Wewe una ruhusa ya kufungua chumba chako leo hii."

"Na ukiwaka, vijana wa watu wakiwa ndani?"

"Ukiwaka, utatuletea ukiwa unawaka. Kanuni si unaijua?"

Alitoka bila kuaga. Mashine yake haikutoka. Ilikuwa imeshapangiwa kazi kwenye Sherehe ya Kilele cha Mafanikio ya Zoezi, ambapo Mheshimiwa Waziri angecheza na Mkurugenzi mbele ya wageni, waya uleule ukiwa umetandikwa juu ya kitambaa cheupe ili kila mtu auone ulivyo salama.

Siku ya sherehe Mama Gemu alikuja na mfuko, akakaa kiti cha nyuma. Nilimruhusu. Alikuwa mtaalamu mshiriki.

Sasa tatizo la kitaalamu lilikuwa hili. Mkurugenzi alitakiwa afungwe na Waziri, hilo halina mjadala. Lakini Waziri hakujua kupiga mpira hata ule wa miguu, na wachezaji wake walikuwa wanakimbia kuzunguka kibendera cha kona. Mkurugenzi alimwachia lango wazi. Waziri akapaisha. Akamtoa kipa nje kabisa. Waziri akampasia mwamuzi. Dakika tisini zikaisha bila kwa bila, zikaongezwa, wakarudia mchezo, wageni wakishangilia kila mpira uliotoka nje.

Moshi ulianza kwenye kitambaa cheupe, mwembamba, ukipanda polepole. Wote tuliuona. Nyuma ya Waziri palikuwa na bango kubwa lililoandikwa WAYA NI SALAMA, kwa hiyo hapakuwa na mtumishi wa kusema ni moshi. Mgeni mmoja alikohoa akaomba radhi. Mimi nilichukua kipaza sauti nikawatoa wasiwasi kwamba ule ni mvuke wa kawaida wa sherehe.

Kisha kitambaa kikashika moto, pazia likadaka, na mguu wa suruali ya Waziri, wa kushoto, nao ukajiunga.

"Chomoa!" Mkurugenzi alipiga yowe. "Mtu achomoe!"

Mama Gemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye soketi. Alivua ndala, akaishika mkononi tayari, akasimama. Akanigeukia mimi.

"Kaka msimamizi. Huo waya vipi?"

"Unaonekana kuwaka," nilisema. Nilikuwa naona vizuri kabisa.

"Mashahidi wapo?"

Nilitazama ukumbi. "Wapo wa kutosha."

"Chomoa, wewe mwanamke!" Waziri alikuwa anapiga paja lake kwa kabrasha la hotuba.

"Mheshimiwa, ningependa, lakini nimefundishwa kanuni hapahapa. Nikichomoa kabla waya haujathibitishwa, utakuwa marehemu. Nitaambiwa si hatari."

"Thibitisha!" Mkurugenzi alinifokea, akijipepea masharubu yaliyokuwa yameanza kuungua. "Thibitisha, mpumbavu wewe!"

Nikathibitisha. Mama Gemu akaipiga plagi kwa ndala, ikaruka. Tukamwagia suruali ya Waziri maji ya wageni, chupa kwa chupa, na pazia tukalikanyaga. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo. Tulikuwa tumeufungia stoo usiibwe.

Moshi ulipopungua kidogo, Mama Gemu alifungua mfuko wake.

"Huo mmoja tumeelewana. Nimekuja na hizi mbili ambazo hazijawaka, na yule marehemu. Hizi nizichomeke sasa hivi, au mnaniamini?"

"Mpe!" alisema Waziri.

"Na sisi je?" Mlangoni walikuwa wamejaa watu wa ukumbini, kila mmoja na waya wake mkononi, wakinyoosha shingo kutafuta soketi. Mzee mmoja alikuwa ameshainama chini ya meza ya vinywaji.

"Wapeni wote! Mzee, toka huko chini! Wapeni hata wasio na mashine!"

Maboksi yalifunguliwa kwa funguo, kwa meno na kwa kalamu za serikali. Kazi ambayo Zoezi lilishindwa kuimaliza ikamalizika kabla chai ya wageni haijapoa.

Waziri, akiwa amekaa na mguu mmoja ndani ya ndoo, aliuliza ni nani aliyetangaza kwamba nyaya ni salama. Sote tulimtazama Mkurugenzi. Waziri akaamuru naye arejeshwe alikotoka, kwa kuwa ana kasoro. Kanuni haikuwa na kipingamizi. Alionekana na afisa akiwa hatari, na mashahidi walizidi wawili.

Hasara ilihesabiwa siku hiyohiyo. Upande wa serikali: mapazia mawili, zulia, runinga kubwa, bango, mguu mmoja wa suruali, kiatu kimoja, nusu ya masharubu, na Mkurugenzi mmoja. Vyote vimeshanunuliwa vipya, Mkurugenzi akiwemo.

Upande wa Mama Gemu: mashine moja, iliyoyeyuka pamoja na waya wake. Benchi moja. Wateja wa karibu mwezi mzima. Na chumba, maana mwenye nyumba alikuwa ameshampa muuza simu asubuhi ya sherehe. Sasa anazo mashine tatu uvunguni mwa kitanda cha mama yake, na nyaya nne, mpya, salama kabisa.