Jengo Letu Linaitikisa Zohali

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,
Ghorofa ya kwanza, mlango unaotazamana na mita za umeme.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni mkazi mwenzako wa ghorofa ya nne, fundi wa madishi. Madishi yote ya jengo hili nimeyaelekeza mimi, na yote yanashika vizuri isipokuwa la kwako, ambalo tulikubaliana kuwa tatizo lake ni upepo.

Bila shaka umesikia kwamba nina darubini. Ni bomba pana. Chini yake kuna kioo kikubwa kinachokusanya mwanga, na juu kuna kioo kidogo kinachoupeleka pembeni, kwenye tundu la kutazamia. Nimeiweka kwenye paa kwa lengo moja tu. Mama mkwe amekuja kututembelea, na Jumamosi anaondoka. Tangu nimuoe binti yake, mama huyu hunijulia hali kwa heshima zote, kisha huniuliza kama nimepata kazi. Nikimweleza kwamba kupanda mapaa ya watu ndiyo kazi yenyewe, hujibu, "Sawa, mkwe wangu," na kuniombea dua. Nikaapa kwamba safari hii ataondoka akiwa ameziona pete za sayari ya Zohali, kwa juhudi zangu.

Jioni ya kwanza niliziona mwenyewe, ndogo na kali kama zimechorwa kwa ncha ya sindano. Nikashuka kumwita. Akapanda polepole kwa sababu ya magoti, miwani yake ikagonga chuma, akaivua, akatazama, akasema anaona kitu kama taa ya baiskeli kwenye ukungu. Nikamwachia kiti, nikashuka mbio kutafuta aliyetikisa jengo. Niliporudi na kutazama, Zohali ilikuwa imevimba, haina pete, na ina tundu jeusi katikati. Nikageukia nyota ya jirani: nayo imetoboka.

Kuna kigurudumu cha kusafisha picha, lakini hicho nilikiacha mahali pake, na kitu nilichokiacha mimi mahali pake hakiwezi kuwa na kosa. Kwa hiyo kilichohama ni kioo kikubwa. Kila jioni nimekuwa nikizungusha skrubu zake tatu, na kila jioni inayofuata nakuta tundu limerudi katikati, kana kwamba linanicheka. Baada ya uchunguzi, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Ngazi. Dereva wa lori wa ghorofa ya tatu hupanda kama vile lori lenyewe amelibeba mgongoni. Naomba jua likizama avue viatu getini na apande kwa ncha za vidole. Nilimweleza hivyo ana kwa ana. Hajanisalimia tena.

2. Tanuri la mwokaji wa chini. Joto lake hupanda ukutani, hufika kwenye paa, na nyota huanza kuchemka. Nilimwomba azime tanuri kila jioni. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuupenda, kama wateja wake wale unga.

3. Tangi la maji, ambalo hutetemeka kila mtu anapooga. Naomba wakazi waoge asubuhi. Wenye watoto wachanga nitawasikiliza mmoja mmoja.

4. Jengo lenyewe. Nimepima kuta zote kwa pima maji, na kifaa kinaonyesha zimenyooka. Maana yake ni kwamba jengo limeinama pamoja na pima maji yangu. Naomba liitiwe wataalamu, na wakati tukiwasubiri, kila mwenye kabati zito alihamishie upande wa mashariki. Lako, Ndugu Mwenyekiti, naona lingetangulia, ili liwe mfano.

Sidhani kama nimeomba makubwa.

Nakutakia uongozi mwema na ngazi tulivu. Nisalimie wa nyumbani, mlinzi wa getini, wapangaji wote, na mwokaji pia, ingawa kwa sasa hatusemeshani.

Ni mimi, kwa uchungu na heshima,
Fundi madishi wa ghorofa ya nne.

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa mke wangu barua anikagulie tahajia. Alifika lalamiko la pili, akakaa chini, akamwita mama yake. Mama mkwe alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema, "Mkwe wangu, mbona mimi hizo pete naziona kila siku? Ukishuka navua miwani, nazungusha kile kidude kidogo, zinakuwa safi. Nilijua umeniwekea mimi, na wewe uko kazini huko chini."

Mke wangu naye akakiri kwamba kila mchana hurudisha skrubu nilizozungusha, kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Karatasi inasema tundu likikaa katikati, kioo kimenyooka. Inasema kilichobaki ni kuzungusha kigurudumu tu. Hakuniambia, kwa kuwa nilishatangaza kwamba fundi hasomewi maelekezo.

Leo jioni tumepanda wote watatu. Nikakizungusha kigurudumu kwa kiasi kidogo mno, na Zohali ikatokea na pete zake. Mama mkwe akaniuliza kama nimeiona. Nikasema nimeiona. Akanipa hongera.

Malalamiko yote nayafuta. Barua naituma kwa amri ya mke wangu, anayesema kamati nayo haina cha kuchekea siku hizi. Nabakiza ombi moja: kesho ni jioni ya mwisho ya mama mkwe hapa. Tafadhali mtu yeyote aniite chini kwa ugomvi wowote, na asiumalize haraka. Mama anasema nikiwa kule juu hapati nafasi ya kutazama.