Skrubu za Mwenyekiti

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wamemsamehe! Hivi hivi tu, kwa mechi moja!

Nilidhani nimesikia vibaya. Jana timu yetu ilishinda mabao matatu, mechi ya kwanza tangu Kocha arudi, na leo tawi zima la mashabiki linaimba jina lake. Mtu aliyetuacha katikati ya msimu! Akaenda kwa mahasimu wetu wa Ng'ambo ya Reli, akachukua kombe nao, akalibusu mbele ya kamera, skafu yao shingoni. Wao walipomtimua, uongozi wetu ukamwokota. Hilo halikunishangaza. Uongozi wetu huokota chochote. Lakini mashabiki?

Aliyenichefua zaidi ni Muuza nyama. Kocha alipoondoka, huyu bwana aliapa mbele yangu kwamba jina lile halitapita tena kinywani mwake. Juzi mkewe kajifungua. Mtoto kapewa jina gani? Siliandiki. Nitachafua ukurasa.

Mkutano wa jioni. Kinyozi, makamu wangu, mwenye maneno laini kuliko povu lake la kunyolea, kasimama na kupendekeza kiti kigeuzwe. Nieleze, kwa faida ya vizazi vijavyo. Katika ukumbi wetu kila mwanachama ana kiti chake, na hakuna anayekalia cha mwenzake. Mtu akitusaliti, kiti chake hupelekwa nyuma kabisa na kugeuzwa kitazame ukuta. Cha Kocha kiko huko tangu aondoke, pua kwa chokaa. Na kiti chenyewe nilikitengeneza mimi, fundi seremala, kikiwa zawadi. Nilikipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Siku anaondoka hakuniaga. Nilimsubiri ukumbini mchana kutwa, nimevaa shati la harusi yangu. Iliniuma. Bado inaniuma. Basi.

Nikasimama na mimi. Nikatangaza kwamba siku kiti kile kitakapogeuka, mimi si mwenyekiti wao tena! Nilitarajia waniangukie miguuni. Kinyozi akasema ameafiki, akauliza kama kuna mwenye swali.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mke wangu anasema nimejitia kitanzi mwenyewe, na fundo nimelikaza kwa meno. Anasema nisipokuwa mwenyekiti nitashinda nyumbani nikimtengenezea vitu, na hilo hataki. Hakutania. Aliliangalia kabati la jikoni, lile nililomtengenezea, ambalo limesimama kwa hisani ya ukuta.

Ukweli ni kwamba sina kingine. Karakana haina wateja. Nyumbani mkubwa ni mke wangu. Kwenye tawi tu ndiko nikikohoa watu hunyamaza.

Shemeji kaja kunywa chai. Hajaalikwa. Huyu ni kaka wa mke wangu, shabiki wa Ng'ambo ya Reli, na kila akija mkate hupungua. Kasema tusifurahi mapema, maana Kocha bado amepanga nyumba kule kwao na vyombo vyake hajavihamisha. Sikumsikiliza. Mtu wa Ng'ambo ya Reli ataniambia nini?

Mpango wa kwanza: nimebandika mlangoni pa ukumbi ile picha ya Kocha akibusu kombe lao, watu wakumbuke. Niliporudi alasiri nikakuta Kinyozi amekata kombe kwa mkasi wake, kaacha uso, kautia kwenye fremu. Fremu ya kununua! Hata kazi ya fremu hakunipa mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa. Kinyozi amemwalika Kocha aje tawini Jumamosi, akigeuze kiti kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wanachama. Wameshaanza kupamba. Watu wale wale waliochoma picha zake barabarani wanabishana maputo yawe rangi gani.

Lakini hawanijui vizuri! Kiti hakitageuka.

Ufunguo wa ukumbi ninao mimi. Sakafu ni ya mbao. Adhuhuri, Kinyozi akiwa na kichwa cha mteja mkononi, nimeingia na vifaa vyangu. Gundi chini ya kila mguu. Skrubu ndefu, zimepita mguu zikazama sakafuni. Kisha tupa: nimesugua vichwa vya skrubu mpaka vikawa laini kabisa. Bisibisi haina pa kushika tena. Nikakisukuma kiti kwa bega. Nikakipiga teke. Nikachechemea.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu kauliza nimevunja nini.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kocha kaja. Kanenepa. Ng'ambo ya Reli walimtunza.

Ukumbi ulifurika. Watu wanasukumana wamshike mkono, hawana haya hata chembe. Muuza nyama alimbebesha Kocha mtoto mchanga kwa nguvu. Mtoto akaangua kilio. Kumbe tulikuwa wawili wenye akili mle ndani.

Kinyozi akahutubia. Msamaha, sijui uungwana, sijui ukurasa mpya. Akamwongoza mgeni hadi kwenye kiti. Kocha akashika mgongo wa kiti, akavuta. Akavuta tena. Kinyozi akaja kusaidia, ameng'ata ulimi. Muuza nyama, mwenye mabega kama mlango wa ghala, akamkabidhi mtu mtoto, akaja naye. Wakavuta wote watatu mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Kiti hata hakikulia! Sijawahi kuionea fahari kazi yangu namna ile.

Kisha macho yote yakanigeukia. Seremala tawini ni mmoja tu.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, niliyoyatunza misimu yote hii. Kumbe Kocha kapiga magoti, anapapasa miguu ya kiti, anapapasa pale nilipopitisha tupa. Akainuka macho yamelowa. Akawaambia watu kwamba sasa ameelewa: Fundi amekikaza kiti hiki ili yeye asiondoke tena. Akanikumbatia. Akaninong'oneza kwamba ile siku hakuniaga kwa sababu angeniona angeshindwa kuondoka.

Uongo mtupu, bila shaka. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nikasema ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu tangu mwanzo.

Nililia kidogo. Vumbi la mbao.

Ikabaki swali: mgeni akae akitazama ukuta? Kinyozi, nyoka yule, akasema kama kiti hakigeuki, basi ukumbi ugeuke. Wakaishusha runinga kutoka ukuta wa mlangoni, wakaitundika ukuta wa nyuma. Wakageuza viti vyote vielekee huko. Kabla sijamaliza kupangusa macho, kiti cha msaliti kilikuwa mstari wa mbele, katikati, magoti yake karibu yaguse runinga. Na changu, kilichokaa mbele miaka yote, kikawa cha mwisho, mlangoni, ambapo kila anayeingia ananigonga kisogo kwa kitasa.

Kinyozi akatangaza kwa sauti ya asali kwamba kiti hakikugeuka, kwa hiyo Mwenyekiti hana sababu ya kujiuzulu. Watu wakacheka sana. Wacheke. Nimeshinda.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimefika ukumbini asubuhi, nimekuta kiti changu kiko nje, kwenye jua. Kinyozi kasema walikuwa wanafagia. Walikuwa wanafagia! Viti vingine vyote viko ndani, changu peke yake ndicho kinachozuia ufagio?

Namsoma kama gazeti. Leo nje ya mlango, kesho barabarani, keshokutwa hakuna mwenyekiti. Nimekirudisha palepale pake, kikitazama ukuta wa nyuma kama vingine, nikatoa bisibisi. Gundi. Skrubu. Tupa. Nimeongeza skrubu, maana mimi ni kiongozi. Sasa anisogeze!

Mke wangu kauliza kwa nini, kama ni kukaza, nisingekikaza mahali pazuri. Nimemweleza kwamba mambo ya uongozi ni mazito. Kasema anaona.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Kaondoka! Karudi Ng'ambo ya Reli!

Kaileta habari Shemeji, mdomo umejaa mkate wangu. Wamemwita, kaenda. Vyombo hata hakuhitaji kuvihamisha. Shemeji anasema aliniambia. Hakuniambia. Aliropoka tu, nikasikia kwa bahati mbaya.

Nilipita ukumbini mchana, nilikuwa na shughuli upande ule. Nikakaa kidogo. Shati la harusi nililivaa kwa sababu mengine yalikuwa yamefuliwa. Hakuja mtu.

Mkutano wa dharura jioni. Watu wanatetemeka kwa hasira, kana kwamba wamesalitiwa na mtu asiyejulikana! Muuza nyama anatafuta jina jipya la mtoto. Kwa sasa anaitwa Mtoto. Nikasimama nikawakumbusha kwamba mimi sikuwahi kumsamehe yule mtu hata dakika moja. Mmoja akanikumbusha kumbatio. Nikamwambia akae chini.

Kinyozi akatoa pendekezo. Kwa desturi yetu, kiti cha msaliti lazima kitazame ukuta. Kiti hakigeuki. Basi ukumbi urudi ulivyokuwa: runinga ukuta wa mlangoni, viti vielekee huko, na Kocha abaki na chokaa yake. Kwa mara ya kwanza Kinyozi kasema jambo la maana! Nilinyoosha mikono yote miwili. Niliwakemea waliochelewa kunyoosha.

Wakaanza kubeba. Runinga ikapita juu ya kichwa changu, ikatundikwa nyuma ya kisogo changu. Viti vikageuka, kimoja baada ya kingine, vikanitazama.

Changu kikabaki.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Mechi ya leo: sisi na Ng'ambo ya Reli. Yeye akiwa benchi lao.

Nimekaa mbele kabisa, mbele kuliko mtu yeyote, mgongo kwa runinga. Mechi nzima nimeisoma usoni mwa Kinyozi. Akikunja uso, wanatushambulia. Akitoa macho, tunapiga kona. Tulipofunga, uso wake ulichanua mpaka nikauchukia zaidi, na nikaruka kushangilia. Kisha ukachanua tena, nikaruka tena. Wakaniambia hayo yalikuwa marudio. Kabla ya mapumziko wameniomba niinamishe kichwa kwa sababu nawaziba. Mwenyekiti mzima!

Nimejaribu kukitoa. Bisibisi inateleza. Nimeleta msumeno, mwenye jengo kasema nikigusa mbao za sakafu yake tutahama wote. Kiti cha mwenzangu siwezi kukalia, sheria niliisimamia mwenyewe. Mke wangu kaja kuona kwa macho yake. Kakitikisa kiti huku na huku, kisha akasema hiyo ndiyo kazi ya kwanza kutoka mikononi mwangu isiyoyumba.

Kutoka hapa nilipokaa, katikati ya vichwa vyao, ninakiona kiti cha Kocha kule nyuma. Mimi na kile tunatazama upande mmoja.

Nimefikiri sana wakati wao wanashangilia. Ukumbi huu hugeuka kwa jambo moja tu: Kocha akisamehewa. Nasikia leo tumewafunga vibaya. Ng'ambo ya Reli hawana subira, watamtimua kabla ya mvua. Ataokotwa. Na mtu akikosea mara mbili, si ni bahati mbaya tu? Vinyongo vya nini? Tawi la watu wazima linawezaje kuwa na roho mbaya kiasi hiki?

Nimeshaanza. Nimemwambia Muuza nyama asiharakishe kumbadilisha mtoto jina. Hotuba ya msamaha iko kichwani, tamu, itamliza hata Kinyozi. Na runinga ikishafika ukuta wa nyuma, safari hii siachi mwanya kwa mtu. Naikaza palepale. Skrubu ninazo, na tupa nimeshaiweka tayari.