Kuhusu Taa za Breki za Pikapu ya Beni

Mheshimiwa Mkuu wa Trafiki,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, na vijana wako wa barabarani ni wazima pia, hasa Konstebo Elijah, ambaye macho yake, mashaallah, hayana kasoro. Aliyaona makosa ya gari langu kabla hata sijasimama.

Mimi ni Haji Abubakar wa Mwabungo, mwenye ile pikapu ya kijani inayobeba beni ya harusini. Jumapili iliyopita, tukiwa mbele ya msafara wa maharusi, Konstebo alinisimamisha, akaniandikia tiketi kwamba taa zangu za breki haziwaki, kisha akalizuia gari kituoni. Kwa heshima na taadhima, naipinga tiketi hiyo.

1. Hata zingewaka, nani angeziona? Wapiga tarumbeta hukaa nyuma wakining'iniza miguu, na kanzu zao huzifunika taa zote. Ningekuwa naangazia kanzu za watu tu.

2. Gari langu lina ishara yake. Nikitaka kusimama, nagonga kioo cha nyuma, naye Chirau, mpiga ngoma kubwa, anaipiga mapigo mawili mazito. Diani hadi Msambweni, kila anayefuata harusi anajua maana yake ni punguza mwendo. Taa huonwa na anayeangalia mbele, lakini ngoma humfikia hata dereva anayechezea simu. Konstebo wako aliisikia vizuri sana, ila alidhani anapigiwa yeye, akatabasamu.

3. Kama kosa ni taa kutowaka, basi na nguzo za taa za mtaani kwetu ziandikiwe tiketi. Zimesimama pale tangu zipandwe, haziwaki, wala hazina mpiga ngoma.

4. Nashauri, tena bila malipo, magari yote yasiyo na ngoma yaondolewe barabarani. Ambulensi naweza kuiazima Chirau siku asizokuwa na harusi. Hata magari ya polisi tutayafikiria.

5. Jumamosi hii mwanangu Twaiba anaolewa, anapelekwa Msambweni. Miaka yote gari hilo limewasindikiza watoto wa wenzangu kwa shangwe. Leo zamu ya wangu imefika, aondoke kimya kimya kama mpangaji anayehama? Hilo linaniuma, Mheshimiwa, na hapa sifanyi mzaha.

Kwa hiyo tiketi ifutwe, gari liachiliwe kabla ya Jumamosi, na Konstebo aniombe radhi. Si lazima iwe hadharani, mbele ya beni inatosha.

Nisalimie wote hapo kituoni, wakubwa kwa wadogo, na mama wa chai usimsahau. Nyote mmealikwa pilau, Konstebo Elijah akiwa wa kwanza, ila aje bila kitabu chake cha tiketi.

Ni mimi, mtiifu wa sheria zote zenye maana,
Haji Abubakar

Tanbihi: Mke wangu Mishi ameisoma barua hii na sasa hataki hata kunitazama. Amenikumbusha kwamba Jumamosi gari la bibi harusi ndilo litakalokuwa nyuma yangu, limenigandia, na dereva wake ni rafiki ya bwana harusi kutoka Nakuru, hajui ngoma zetu hata moja. Twaiba ndiye mtoto pekee niliye naye. Fundi Chome anakuja leo hii kuzitia hizo taa. Tafadhali gari lisitoke hapo kituoni mpaka zimewaka na Konstebo Elijah ameziona kwa macho yake, hata nikija kulia.