Mashua ya Kaluki na Shamba la Chini ya Tuta

Jumatatu, 17 Novemba 1986

Lambo limejaa! Limejaa mpaka vyura wanapiga kelele kama wamelipwa. Sisi kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, ndio tulilijenga, udongo mgongoni, na wanaume wamekaa kivulini wakituonyesha pa kumwaga. Sasa maji yapo. Vita vimebaki vya shamba.

Kuna shamba moja chini ya tuta la lambo, lenye unyevu, pale nyanya itaota hata ukiipanda umekasirika. Mimi nalitaka. Syombua analitaka. Yeye ni mwenyekiti wa mwethya wa bondeni, mimi wa mlimani. Atakayelikosa atapewa lile la juu kwenye mawe, na kila tone la maji atalipandisha kwa mgongo. Mgongo wangu umebeba maji tangu nikiwa msichana. Umechoka. Siwezi kuwaambia kina mama hivyo, kwa hivyo nawaambia ni heshima ya mlima.

Naibu wa chifu, Ndolo, alijaribu vikaratasi viwili kwenye kofia. Nilikuwa nimekunja pembe ya kimoja ili nikijue. Kumbe Syombua naye alikuwa amekiona! Tukakishika wote wawili, tukakivuta, kikararuka, na kofia ya Ndolo pia. Akasema amechoka na wanawake wa hapa Mutomo. Jumamosi ya wiki ijayo politekniki wana siku ya wageni pale lamboni, na mwalimu Gicheru ataonyesha vimashua vyake vya mashindano. Kila mwethya utengeneze kimashua kimoja. Kitakachokimbia zaidi kitachagua shamba.

Nilicheka mpaka kilemba kikafunguka. Syombua hata ugali wake una mabonge.

Jumatano, 19 Novemba

Gicheru alikuja kutufundisha. Kijana mzuri, mtu wa Murang'a, lakini ananiita Cucu, kama bibi za kwao. Nimemwambia huku bibi ni Susu. Akasema sawa, Cucu.

Alitupa kila mwethya injini moja, ndogo kama ngumi ya mtoto. Alipoiwasha ililia kama nyuki waliotukanwa, kuku wangu wakapanda juu ya nyumba. Inakunywa mafuta ya taa, mafuta ya mbarika na kitu kingine kinachonuka kama hospitali. Mafuta ya mbarika nayajua, nilipakwa nikiwa bibi arusi. Nilikimbia pia.

Akasema mashua hii si ya kuelea ndani ya maji. Inateleza juu, kama jiwe bapa ambalo watoto wanalirusha mtoni. Inagusa maji mahali patatu tu: masikio mawili mbele chini, na propela nyuma. Ikiwa nzito mbele inapiga mbizi. Ikiwa nyepesi mbele upepo unaingia chini, inapinduka chali. Inafungwa kamba kwenye nguzo katikati ya maji, inazunguka. Alisema mengine kuhusu hiyo kamba lakini nilikuwa nikimwangalia Syombua, anavyotikisa kichwa kama anaelewa.

Fundi ninaye. Muli, mume wa binti yangu Ndinda, anachonga twiga wa kuuzia watalii. Shida ni moja. Yeye ni mkwe wangu. Kuna nthoni kati yetu. Hatukai pamoja, hatushikani mikono, hanitazami usoni, na hawezi kunibishia hata nikisema jua linatoka Mombasa na kurudi huko huko. Mchungaji husema tuliookoka tupunguze hayo. Nimeokoka, sijakosa adabu.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo tumeanza kazi. Muli alikaa nyuma ya ghala, mimi mbele ya ghala. Nikapiga kelele achonge kwa mpingo. Mti wa maana, mti wa heshima. Na mbele aweke kichwa cha kifaru, Syombua akikiona aogope.

Muli alinyamaza. Kumbe amekubali.

Jioni Ndinda alileta mashua. Mama yangu, kifaru kile! Mpaka mikunjo ya shingo. Tukakiweka kwenye hori la kunyweshea ng'ombe.

Hakikupiga mbizi. Mbizi ni ya kitu kinachorudi juu. Tulikitoa kwa reki.

Ndinda akasema Muli alijua mpingo utazama. Kwa nini hakusema? Akaniangalia. Akasema, mwaitu, mama yangu, angesema na mdomo gani? Watoto wa siku hizi wana majibu.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimekwenda kwa Syombua kuomba chumvi. Hiyo ni akili. Alipoingia jikoni nikafunua gunia pembeni ya kitanda. Kimashua kile pale! Kibaya, kama sanduku la sabuni. Hakuna rangi, hakuna mnyama. Lakini nilikiinua kwa kidole kimoja! Kimetengenezwa kwa ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge, ukiwa umekauka. Mti ambao sisi tunafukuzia mbuzi!

Nilipima kwa kipande cha kanga nikapiga fundo. Syombua akarudi na chumvi, akauliza kama nimepotelewa na kitu chini ya kitanda chake. Nikasema nilikuwa naomba. Akasema basi nimwombee na yeye, lakini kwanza nimweleze ile chumvi inayomwagika kutoka kwenye kiondo changu ni ya nani.

Nimerudi na chumvi mara mbili. Si hasara.

Jumapili, 23 Novemba

Muli ametengeneza mashua mpya ya mkonge, kwa kipimo cha lile fundo langu. Amefanya jana kutwa bila kuniuliza, kwa sababu nilikuwa sokoni. Ni nyepesi kama neno la mlevi. Ina masikio mawili mbele, laini, na injini imekaa nyuma kidogo ya katikati. Kwenye hori inakaa juu ya maji kama bata mwenye maringo. Niliipaka rangi ya kijani iliyobaki kanisani.

Halafu nikapata wazo langu mwenyewe. Kama inateleza, basi nipake mafuta ya mbuzi ndiyo iteleze zaidi! Nilipaka kote, nikaongeza puani. Nikaenda ibada.

Kanisani Syombua aliomba kwa sauti Bwana awakumbuke wajane wasio na chumvi. Kina mama wa bondeni wakasema Amina kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia wakitoa sadaka.

Kurudi nyumbani, mbwa wangu Askari yuko chini ya mti, amekumbatia mashua kwa miguu miwili. Amekula pua yote!

Nimempiga na mwiko. Ameramba mwiko.

Jumanne, 25 Novemba

Muli amebandika pua mpya kwa gundi. Ndinda anasema Muli anasema pua hiyo ni ya kukata upepo tu, haina nguvu, mtu asiiguse na asiivute. Nikamwambia Ndinda amwambie Muli kwamba mimi nimezaa watoto tisa, najua kushika kitu.

Amenyamaza. Amekubali.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo kila kitu kiko tayari, na ni bahati nimeangalia! Muli amefunga kamba ubavuni. Ubavuni! Vijiti viwili vimetoka mbavuni upande mmoja, uzi mmoja huku, mwingine huku, zinakutana mbele kidogo. Nikauliza, huu ni mchezo gani? Tangu lini mzigo ukavutwa kwa mbavu? Kuni tunabeba na mukwa, ule ukanda wa ngozi, unapita kwenye paji la uso. Maji, paji la uso. Mahindi, paji la uso. Udongo wote wa lile tuta ulikwenda kwa paji langu la uso, alama iko mpaka leo, kofia ya kanisa inakaa hapo vizuri. Nguvu ya kitu iko usoni!

Nilikata zile nyuzi. Nikasokota kamba ya mkonge, ile ya kiondo, nikaifunga kwenye paji la uso la mashua, pale puani. Fundo langu mwenyewe.

Ndinda alipiga kelele. Akakimbia kumwita Muli. Muli akaja mpaka kwenye ua, akaona, akavua kofia. Akafungua mdomo. Mimi nikajitanda kanga vizuri, mama mkwe mbele yake. Akafunga mdomo. Akazungusha kofia mkononi muda mrefu, akaenda zake.

Nimefurahi kwamba ameelewa.

Jumamosi, 29 Novemba

Siku gani hii!

Watu walijaa lamboni kama kuna mazishi ya tajiri. Ndolo amevaa sare, mwenyekiti wa politekniki amelala kwenye kiti. Gicheru alikunja suruali akasimama majini karibu na nguzo. Mimi na kina mama wangu tuliimba. Wale wa bondeni wakaimba juu yetu.

Sanduku la sabuni la Syombua likaanza. Nyiiii! Nasema ukweli kwa sababu hakuna anayesoma hapa: lilikuwa zuri. Lilinyanyuka, likagusa maji kidogo tu, likazunguka ile nguzo bila kuyumba. Nyuma yake maji yalisimama kama mkia wa jogoo. Watu wakapiga vigelegele. Hata mimi kimoja kilinitoka, nikakigeuza kikohozi.

Yangu ikaletwa. Gicheru akatazama kamba, akaniuliza, Cucu, nani amefunga hapa? Nikasema ni mimi, na ni Susu. Akasema kamba ikivuta pua, mashua itageukia nguzo. Nikamuuliza amewahi kubeba mtungi wa maji kutoka mto Tiva. Akasema hapana. Nikasema basi awashe.

Aliwasha. Aliangalia juu kwanza, nafikiri aliomba.

Nusu mzunguko, mbio kama shetani! Nikaanza kuimba. Halafu ikageuza uso kama ng'ombe aliyesikia ndama wake, ikaja moja kwa moja kwa Gicheru. Mwalimu mzima aliruka, akakaa majini na saa yake. Mashua ikampita, ikapita nguzo, kamba ikakaza upande wa pili, paa! Kamba haikukatika. Nimeisokota mimi. Iliyong'oka ni pua.

Sasa haina pua, haina kamba, haina bwana. Ilikwenda pale kwenye mfereji wa kupunguza maji, pembeni mwa tuta. Ikapita na maji, ikaruka, tumbo la kijani likaonekana juu, ikaanguka upande wa pili. Tukakimbia wote. Iko wapi? Imejichomeka kwenye matope ya shamba! Shamba lile lile! Bado inalia!

Nikainua mikono nikapaza sauti kwamba mmeona wenyewe, mashua imechagua. Ndolo mwenyewe alisema mashua itachagua shamba. Imechagua! Kina mama wa mlimani wakapiga vigelegele, kwa sekunde chache tulikuwa na shamba.

Ndolo akasema ile inayochagua ni iliyoshinda, siyo iliyotoroka. Shamba ni la bondeni.

Syombua akanijia na tabasamu pana kama mlango wa posho mili. Akasema, Kaluki dada yangu, asante kwa kuja kunilimia.

Muli alikuwa mbali, amejifunika uso kwa kofia. Jua lilikuwa kali.

Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimesema ni goti.

Nilikwenda kutazama lile shamba la juu. Mawe, miiba, na nyoka mmoja ambaye hata yeye alikuwa anahama. Kutoka pale mpaka majini ni mteremko ambao ukishuka unashukuru na ukipanda unatubu. Kina mama wangu hawakunigombeza. Hilo ndilo limeniuma. Mama Kasyoka alisema tu kwamba basi, tutabeba kama tulivyozoea, akajipangusa paji la uso.

Nilikaa juu ya jiwe kidogo. Vumbi liliniingia machoni. Yote mawili.

Kosa ni la gundi.

Jumamosi, 6 Desemba

Ajabu! Asubuhi Ndinda amekuja akisukuma kitu. Kigari cha mbao, gurudumu moja mbele, mikono miwili nyuma, na sanduku katikati la kukaa mitungi miwili ya maji. Muli amekitengeneza wiki nzima, twiga wake wamelala bila miguu. Ndinda anasema Muli anasema kwamba mgongo wa mama umebeba ya kutosha. Sikumwambia mtu yeyote habari ya mgongo. Alijuaje, na hanitazami?

Nikamwambia Ndinda amwambie Muli kwamba si kibaya. Nikaingia ndani kidogo kutafuta leso. Pilipili ilikuwa imemwagika.

Akasema Muli anasema nikishike mikono ya nyuma, nisukume polepole.

Nisukume! Maji yasukumwe kama punda mgonjwa? Ndinda alipoondoka nikachukua mukwa wangu, nikaufunga pale mbele kwenye pua ya kigari, nikauweka kwenye paji langu la uso, nikavuta. Kinakwenda vizuri sana! Nimepita boma la Syombua kichwa juu, akatoka nje na mwiko mkononi.

Halafu tukafika kwenye mteremko.

Mwanzo kilinifuata. Baadaye kikanipita. Kiligeuza uso, kikashika njia ya lamboni, na mukwa, na kilemba changu, na mitungi yote miwili. Nilibahatika kichwa kilibaki. Kiliingia majini kwa mbio ambazo hata Gicheru angepima. Na kilielea, kijana anajua kazi.

Muli alikuwa amesimama ng'ambo, kofia mkononi. Alifungua mdomo. Nikajitanda kanga. Akaufunga.

Nimepiga kelele kwamba Jumatatu nitafunga mukwa tena hapo hapo puani pa kigari, lakini mafundo mawili.

Amenyamaza. Amekubali.