Magofu Ambayo Hayajawahi Kuwa Majengo

Ilitangazwa, kwa furaha isiyo na kipimo, kwamba kuanzia Jumanne saa mbili kamili asubuhi Bariadi itakuwa Mji Mkuu wa Kihistoria. Tangazo lilibandikwa ofisini, sokoni na kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Liliwataka wananchi kufagia mbele ya nyumba zao, kufunga mbuzi, na kujiepusha na kitendo chochote kinachoweza kuufanya mji uonekane mpya.

Wakubwa walikuwa wametoka jasho. Kamati ya Urithi na Matembezi ilikaa siku nne kwenye hoteli moja ya Lamadi, ikila sato na kutafuta historia. Kazi ilikuwa ngumu, maana mkoa wenyewe wapo wanafunzi wa sekondari wanaouzidi umri. Siku ya nne, wakati wa matunda, Bwana Fredrick Shigela, Afisa Urithi na Matembezi, akaweka chini kipande cha tikiti.

"Magofu tunayo," alisema. "Tena ya kipekee. Wenzetu magofu yao yalianza kwa kuwa majengo. Ya kwetu yameruka hatua hiyo."

Alikuwa anazungumzia mawe ya msingi. Kamati ilipiga makofi, na wajumbe wawili wakaomba siku ya tano ili kutafakari.

Shida ilibaki moja. Hakuna mkubwa aliyekumbuka mawe yenyewe yako wapi. Mkubwa akishafunua kitambaa anapanda gari, na kinachobaki ni vumbi. Aliyekumbuka alikuwa mtu mmoja tu: Luhaga, fundi mwashi wa kijiji cha Mwabukindo, aliyeyajenga yote. Kila alipokuja mgeni rasmi Luhaga aliitwa. Alisimamisha nguzo fupi ya matofali, akapachika bamba la marumaru, akapaka chokaa. Kesho yake alirudi na kamba na pimamaji kuanza ukuta, akamkuta mlinzi. Keshokutwa hata mlinzi hakuwepo. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupandisha ukuta juu ya hata jiwe moja.

Basi akateuliwa kuwa Mwongoza Wageni Daraja la Muda. Akapewa kofia iliyomfika kwenye nyusi.

Alikubali haraka, na waliomjua walishangaa. Tangu amzike mkewe, Luhaga alikuwa na neno chungu kwa kila mwenye tai. Lakini alikuwa na lake. Lilikuwa kwenye mfuko wa shati, limefungwa kwenye nailoni: barua.

Evalina, mkewe, aligongwa na nyoka mguuni akichuma pamba, miaka mitatu iliyopita. Mwabukindo hapakuwa na zahanati. Palikuwa na jiwe la msingi la zahanati. Jilala, jirani yao, alifunga ng'ombe kwenye gari lake, wakampakia, wakaanza safari ya mjini. Walifika. Yeye alikuwa ameshatangulia, njiani, jua likiwa utosini.

Luhaga ana darasa la nne. Alikaa chini akaandika, akauliza zahanati iko wapi. Akajibiwa. Akaandika tena, akajibiwa yale yale: "Zahanati ya Mwabukindo ipo, imekamilika na inatoa huduma." Mara ya tatu walimwongezea. Kwa mujibu wa rejista, mgonjwa Evalina alipokelewa katika zahanati hiyo, akatibiwa na kuruhusiwa akiwa na afya njema. Ofisi ilichukua fursa hiyo kumpongeza.

Luhaga alienda kaburini na barua ile, akasimama kama mtu aliyepotea njia. Fundi mzima, hajamjengea mkewe hata tofali moja la kaburi. Alimwambia Jilala, "Nitamwekeaje jiwe mtu ambaye serikali inasema mzima? Wataniambia nimemzika kinyume cha utaratibu." Alichotaka duniani kilikuwa karatasi moja tu, yenye sahihi na mhuri, inayosema zahanati haipo. Siyo zaidi.

Jumanne ile Kosta ilijaa maofisa. Mbele alikaa mtaalamu kutoka Dodoma, Bibi Maximiliana, mama mwenye miwani ya kamba na begi la fomu, asiyecheka ovyo.

Kivutio cha kwanza kilikuwa Uwanja wa Michezo. Jiwe lilikuwa kwenye majani, na mbuzi wawili wakijikuna nalo.

"Mwangaluka," Luhaga alimsalimia mwenye mbuzi, mzee Limbu.

"Mwangaluka, fundi. Umewaleta kujenga?"

"Nimewaleta kutazama."

"Aa. Basi mbuzi wasihame."

Bibi Maximiliana akatoa fomu. Akaeleza kwamba kivutio hakitambuliwi mpaka afisa mhusika athibitishe uhalisia wake, yaani tangu siku ile mahali hapo hapajaguswa. Nakala tatu: ya Dodoma, ya ofisi, na ya mwenyeji wa kivutio. Bwana Shigela akasaini zote tatu juu ya mgongo wa dereva, akapiga mhuri. Limbu akapewa yake kama mwenyeji, akaikunja vizuri kwa ajili ya tumbaku.

Luhaga aliinua kofia ili aone. Akaitazama ile karatasi ikiingia mfukoni mwa Limbu, sahihi na mhuri. Akagusa nailoni yake.

Waliendelea. Waliona Maktaba, ambayo ni jiwe na mti wa mnyaa. Waliona Kiwanda cha Nyuzi, ambapo bibi mmoja alikuwa ameanika mpunga kulizunguka jiwe, na Bwana Shigela akawaeleza wageni kuwa hizo ni shughuli za asili. Kila mahali alisema "tazameni utulivu huu", na kila mahali alisaini bila kusoma, kama mtu anayefukuza nzi. Hadi saa saba walikuwa na vivutio saba.

Cha nane kilikuwa Stendi Kuu. Hapo maafa yakawakuta. Mama mmoja muuza chakula alikuwa amejenga kibanda cha mabati juu ya jiwe, akalifanya jiko. Sufuria ya maharage ilikuwa inachemka juu ya jina la mgeni rasmi.

"Hapa pameguswa," alisema Bibi Maximiliana, akafuta kwenye orodha.

Bwana Shigela aliloa shati. "Wananchi wetu, mama, wana tabia mbaya sana ya kujenga."

"Vivutio saba ni kituo cha kihistoria. Mji mkuu ni vinane. Ndivyo mwongozo unavyosema."

Wakarudi kwenye Kosta kama watu watokao msibani. Bango la MJI MKUU lilikuwa limeshachapwa. Ndipo Luhaga akakohoa kutoka kiti cha nyuma.

"Bosi, liko lingine."

"Lingine wapi? Orodha yangu ina nane!"

"Hilo halimo kwenye orodha yako. Limo kwenye orodha nyingine. Kwetu, Mwabukindo. Halijaguswa kabisa, mimi nalala jirani yake."

"Mzee Luhaga!" Bwana Shigela alimshika bega. "Baba yangu! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwa naandika barua," alisema Luhaga.

Walipofika, Jilala na majirani walikuwa wamesimama kando ya shamba la pamba. Jiwe lilikuwa jeupe pee. Luhaga alikuwa amelipaka chokaa Jumapili, baada ya misa. Maandishi yalisomeka vizuri: Zahanati ya Mwabukindo, na jina refu la mgeni rasmi chini yake. Bwana Shigela alisoma jina la mgeni rasmi, akavua kofia kwa heshima. Jina la zahanati, pale juu, halikumshtua. Kwa siku husaini barua arobaini za kila idara, zikiwemo zile tatu alizojibiwa Luhaga. Angeanza kuzikumbuka angeugua.

Bibi Maximiliana ndiye aliyetazama huku na huku. "Una uhakika, Bwana Shigela, hakuna kilichojengwa hapa? Kikajengwa, labda kikabomoka?"

"Mama! Hata tofali!" Bwana Shigela alikanyaga ardhi kuonyesha ugumu wake. "Hapa hapajawahi kuwa na ukuta, paa, mlango, nesi wala mgonjwa. Hapa ni safi. Nawaambia, katika mkoa mzima hakuna mahali palipohifadhiwa kama hapa!"

Jilala akasogea. "Bebe, wewe bwana, rudia hapo pa mgonjwa."

"Hajawahi kutibiwa mgonjwa hata mmoja!" alisema Bwana Shigela kwa fahari.

Majirani hawakupiga makofi. Luhaga akavua kofia.

"Bosi, naomba uandike hayo hayo kwenye fomu. Mimi macho yangu hayafai. Andika jina la zahanati kwa kirefu, na tarehe ya jiwe."

Bwana Shigela akaandika, mistari minne, kwa mwandiko wa kujivunia. Akasaini na kupiga mhuri mara mbili.

"Na mwenyeji wa kivutio ni nani?" aliuliza Bibi Maximiliana.

"Mimi, mayu," alisema Luhaga. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuikunja. Yule mama alimtazama kidogo juu ya miwani, akaangalia lile kaburi la udongo mtupu pembeni ya nyumba, kisha akafunga begi lake.

"Wabeja, fundi," alishukuru kwa Kisukuma. Kumbe alikuwa wa huku huku.

Jioni Bariadi ikawa Mji Mkuu wa Kihistoria. Ngoma zilipigwa, bango likapanda.

Wiki ya tatu, asubuhi, Bwana Shigela alikuja Mwabukindo kwa bodaboda, bila tai. Alimkuta Luhaga amepiga magoti pembeni ya nyumba, na mchanga, saruji na kamba iliyonyooshwa. Kaburi la Evalina lilikuwa limefika kozi ya tatu ya matofali. Bamba lilikuwa limeegemezwa kwenye mti wa mpapai, likiwa na jina, na tarehe ya kufa bila kupunguza siku.

"Mwadila, mzee wangu."

"Bado asubuhi, bosi. Mwangaluka."

"Ndiyo, mwangaluka. Mzee, Dodoma wameandika. Wanauliza wale wagonjwa wa kwenye rejista walitibiwa ndani ya mnara wa kumbukumbu au juu yake. Na wameambatanisha, kutoka mafaili yao, nakala za barua zangu zote tatu kwako." Akachuchumaa, sauti ikashuka. "Nakala yangu ya ile fomu imeshapotea. Ya yule mama nitaongea na watu. Imebaki nakala yako tu. Unisaidie, baba. Nina watoto. Iko wapi?"

Luhaga alipaka udongo wa saruji kwenye tofali, akaliweka, akaligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko. Akaweka pimamaji juu, akasubiri mpaka kiputo chake kikatulia katikati.

"Ipo," alisema.

"Najua ipo, nauliza..."

"Imekamilika." Akachukua tofali lingine. "Na sasa hivi inatoa huduma."