Wiki Bila Betri

Jumapili, 21 Agosti 1994
Nimeposa. Tena! Sidonia, mjane anayetupikia uji kwenye mashamba ya zabibu hapa Makutupora. Hakukataa. Kasema mimi nina mke tayari, redio. Naiwasha hata uso sijanawa. Niiache wiki moja, Jumapili ijayo atanijibu. Nikasema hata mwezi! Akanyoosha mkono, akadai betri. Nimempa zote.

Tangu mke wangu, mama Lulu, afariki, humu ndani inaongea redio tu. Leo nimekula ugali nikajisikia natafuna. Kumbe natafuna kwa kelele hivi?

Jumatatu, 22 Agosti
Nimechelewa kazini. Redio ndiyo saa yangu. Msimamizi kaniuliza kama nimeoa. Nikamwambia bado, subiri Jumapili.

Shida nyingine. Kila asubuhi wakata zabibu wananizunguka: Baba Lulu, dunia imeamkaje? Leo sina kitu. Batholomeo, mkata zabibu mwenzangu, naye anamtaka Sidonia. Kacheka. Kasema redio ikizimwa na mwenyewe amezimika. Hasira! Nikasema dereva wa lori la Kizota ana redio, kaniambia kuna nchi imenyeshewa mvua ya samaki. Wakauliza samaki gani. Nikasema perege. Wakaguna sana.

Jumatano, 24 Agosti
Jana jioni kimya. Nikasikia mlangoni kru, kru. Nikaweka sikio. Mchwa! Wanakula fremu. Wameanza lini? Nimewasikiliza mpaka mboga ikaungua. Halafu nikafungua mgongo wa redio nione sauti zinakaa wapi. Kufungua si kuwasha. Vumbi, nyaya, na mende mmoja mnene. Huyu siku zote alikuwa anasikia taarifa kabla yangu.

Asubuhi Sidonia mwenyewe kaniuliza habari. Ana kishamba chake, zabibu zimeiva. Na anavyoniangalia! Ningesema sijui? Nikasema yule dereva kasikia redioni, wanunuzi wanatoka Dar es Salaam na malori, Ijumaa, bei nzuri. Siku hizi soko huria, mtu yeyote anakuja. Kafurahi. Kaniongezea uji.

Ijumaa, 26 Agosti
Mnunuzi wa kweli alipita jana na pikapu. Batholomeo, naye ana kishamba, kamuuzia zake zote. Sidonia kamfukuza, anangoja malori. Leo kakaa barabarani toka asubuhi, na kanga mpya. Limepita lori moja. Limebeba mbuzi.

Zabibu zinalainika kwenye matenga. Zikioza, Sidonia kapoteza msimu mzima, na mimi nimekosa mke.

Batholomeo kamleta dereva wa Kizota. Dereva kasema redio hana, hajawahi kuwa nayo. Sidonia kanitazama. Kimya kile! Mchwa wana afadhali.

Jumamosi, 27 Agosti
Sidonia kanibwagia matenga mlangoni. Kauze, kasema, ukirudi nayo usinisalimie.

Nimekaa yanaposimama mabasi ya Kondoa. Nimeita zabibu tamu, zabibu tamu. Hakuna aliyegeuka. Nikasema zinaondoa maumivu ya mgongo. Wakashuka! Nikaongeza macho. Bibi mmoja anayekwenda Busi kaniuliza, na magoti je? Nikamwambia hasa magoti. Kajaza kikapu.

Matenga yameisha. Nikageuka kwa furaha. Sidonia kasimama nyuma yangu. Kasikia yote, mpaka magoti.

Jumapili, 28 Agosti
Siku ya jibu. Kaniletea betri mwenyewe. Kasema: Baba Lulu, wiki nzima umezima redio, nikakusikia wewe. Bora redio. Sasa niiwashe, nizime mdomo wangu. Wiki moja nisimdanganye mtu, ndipo atanijibu.

Hajakataa! Nikamwambia hata mwezi.

Njiani nimekutana na Batholomeo. Kauliza nimejibiwa nini. Nikakaza mdomo. Akauliza tena, anacheka, eti mzee umetoswa. Nikakaza. Halafu nikamwambia ndoa yetu imetangazwa redioni leo asubuhi, yeye tu hakusikia.

Cheko likaisha. Kavua kofia, kanipa mkono. Saa hii amekwenda kumpongeza Sidonia.

Si neno. Nitamwambia Sidonia redio ndiyo imekosea.